Moshi hadi Marangu kwa Njia ya Juu

Ukitaka kwenda Marangu kutoka Moshi mjini, mambo ni rahisi. Unapanda Haisi, unapita Kiboriloni, unapita Uchira, ukifika Himo gari linakata kushoto na kuanza kupanda hadi Marangu Mtoni. Ni kilomita kama 40, lami mwanzo mwisho. Usipobanwa na gunia la mtu miguuni unaweza hata kusinzia.

Ipo njia nyingine ambayo haijaandikwa kwenye kibao chochote. Hiyo inapita juu, ndani ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu, ikitoka Old Moshi kwenda Kirua, Kirua kwenda Kilema, Kilema kwenda Marangu. Nikisema njia nisije nikamdanganya mtu, maana ni vipande vipande. Hapa ni barabara ya bodaboda, pale ni kichochoro kati ya migomba ya majirani wawili, mbele kidogo unatembea pembeni mwa mfereji, halafu ghafla ni ngazi za udongo zinazoteremka korongoni mpaka magoti yanalalamika. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeoa Kilema, na tangu nihamie Moshi nimekuwa nikienda ukweni kwa njia hii kila nikipata nafasi, mara nyingi nikiwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mke wangu mwenyewe hataki hata kuisikia. Amekulia huko, amebeba majani ya ng'ombe kichwani kwenye miteremko hiyo hiyo, na haoni kwa nini mtu mwenye nauli mfukoni ajitese.

Kilomita hazina kazi huku. Upande huu wa kusini wa Mlima Kilimanjaro umechanwa na mito inayoteremka kutoka msituni, na kila mto umejichimbia korongo lake. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo, na watu wanaishi migongoni. Barabara zote za maana zinafuata mgongo, zinapanda kutoka barabara kuu kuelekea msituni, basi, zinaishia huko. Ukitaka kwenda kwa mtu wa mgongo wa pili, ambaye bati la nyumba yake unaliona likimetameta, kwa gari itabidi ushuke mpaka chini kabisa, usogee kidogo na lami, kisha upande upya. Kwa miguu unashuka korongoni na kupanda ng'ambo. Kwa hiyo shemeji akisema "bado makorongo mawili", amenipa hesabu kamili, ila tu yapo makorongo ya dakika kumi na yapo ya saa nzima, na hilo huwa hasemi mpaka tufike ukingoni. Ramani ya simu haisaidii sana. Inaonyesha Kirua iko hapo jirani, na kweli iko hapo jirani, ungekuwa kunguru.

Nilikuwa nimesoma zamani kwamba Uchagga haukuwa na mtawala mmoja, kwamba kila eneo lilikuwa na mangi wake na mamangi hao walipigana na kupatana karne nzima ya 19. Niliikariri habari hiyo shuleni kwa ajili ya mtihani. Nilipoanza kukatiza kwa miguu nikaona sababu yake bila kuhitaji mwalimu. Mtu wa mgongo huu na mtu wa mgongo ule wanaonana kila siku, wanasikia majogoo ya wenzao, lakini kufikiana ni safari. Mpaka leo lugha inabadilika ukivuka. Old Moshi wanasema Kimochi, Kirua mpaka Marangu wanasema Kivunjo. Shemeji akiwa Old Moshi husikia kila kinachosemwa, lakini hujibu kwa Kiswahili, taratibu na kwa adabu, kama mgeni. Tukishavuka kuingia Kirua mdomo unamfunguka, hapo sasa mimi ndiye ninayebaki kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Hata makanisa yamegawanyika hivyo. Old Moshi ni Walutheri kwa wingi, Kirua na Kilema ni Wakatoliki, Marangu unarudi tena kwa Walutheri, kwa sababu kila misheni ilipokelewa na mangi wake na kubaki kwenye mgongo wake.

Tunaanzia Kiboriloni alfajiri, kabla wauza mitumba hawajatandaza. Sioni aibu kupanda gari au bodaboda mpaka maeneo ya Kidia. Kipande hicho ni barabara ya magari, hakina siri yoyote, na nguvu ni afadhali uzitunze kwa ajili ya makorongo.

Old Moshi ndiyo iliyokuwa Moshi yenyewe. Wajerumani walikuwa na boma lao huku juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilisimama kule chini kwenye tambarare, na mji ukaifuata reli. Waliobaki juu wakabaki na jina la Old Moshi. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni habari ya kujivunia kidogo, kwamba reli ilianzia kwetu. Shemeji anasema maana yake ni kwamba sisi ndio tuliowaibia mji.

Pale Tsudunyi husimama. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Mangi Rindi, ambaye wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wakimjia kwa misafara, na baada yake mwanawe, Mangi Meli. Mwaka 1892 watu wa Meli waliwashinda Wajerumani vitani, na von Bülow aliyewaongoza aliuawa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, Mangi Molelia wa Kibosho akiwa mmoja wao. Inasadikika kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amekidai kwa miaka mingi. Sanamu ya Meli iliwekwa hapo mwaka 2019. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha undugu kati ya baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule na familia za huku Kilimanjaro, ikiwemo familia ya Molelia. Fuvu la Meli halikuwa miongoni mwa hayo. Mti unaoonyeshwa kuwa ndio wa kunyongea upo, na siku za kawaida hakuna foleni ya watu, pengine utamkuta mama amepumzika na mzigo wake. Mimi sipigi picha hapo. Wanaopiga siwalaumu.

Kutoka hapo ndipo kutembea kwenyewe kunaanza, na hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo la mifongo, kwa sababu ndilo lililonifundisha kupita huku.

Mfongo ni mfereji wa maji wa Kichagga. Unaanzia juu, ndani ya korongo, mahali ambapo watu wameuziba mto nusu kwa mawe, magogo na majani ya migomba ili sehemu ya maji ichepuke. Mto unaendelea kuporomoka zake. Mfongo wenyewe unaambaa na ubavu wa korongo, ukishuka kidogo kidogo tu, kiasi kwamba kadiri unavyokwenda mbele ndivyo unavyozidi kuuacha mto chini, mpaka mwishowe maji yanatokea juu ya mgongo, kwenye vihamba, mahali ambapo kwa akili ya kawaida maji hayawezi kufika. Waliochimba hawakuwa na kipimo chochote cha kisasa. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa huku mwaka 1884, aliiandika mifereji hii kwa sifa, na ilikuwa tayari ya zamani.

Sasa kwa mtembeaji, mfongo ndicho kitu pekee kilicho karibu tambarare kwenye mlima mzima. Vingine vyote vinapanda au vinashuka. Na kila mfongo una njia pembeni yake, kwa sababu lazima watu waukague na kuusafisha. Kwa hiyo ukitaka kuvuka korongo bila kufa, unatafuta mfongo wa mgongo uliopo, unaufuata kuelekea juu mpaka kwenye chanzo chake mtoni. Pale mto ni mwembamba na mawe ya kukanyagia yapo. Unavuka. Ng'ambo mara nyingi utakuta chanzo cha mfongo wa wale wa mgongo wa pili, nao unakutoa polepole mpaka kwenye nyumba zao. Njia ni ndefu kuliko kuteremka moja kwa moja, ila ukifika juu bado una pumzi ya kutoa salamu. Shemeji alikuwa akinipitisha hivyo siku zote bila kueleza, ananiambia tu "twende na maji". Wala hakuona kwamba ni jambo la kueleza.

Mfongo una wenyewe. Una kamati, una zamu, una faini. Siku moja tulimkuta mzee amekunja suruali hadi magotini, jembe begani, anasimamia zamu yake. Alikuwa ameweka bonge la udongo lenye nyasi kwenye mdomo wa mchepuko wa jirani, na kwenye mchepuko wake amelaza gamba la mgomba, lile la kijani lenye mfereji ndani, maji yanapita juu yake bila kuchimba udongo na kudondokea kwenye shina la kwanza la kahawa. Akawa anasogeza gamba kwa kidole cha mguu, inchi moja moja, kutoka shina hadi shina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kirua, mzee. Halafu Kilema."

Akatazama viatu vyetu kwanza, kisha sura. "Msikanyage ukingo huo, ulipasuka juzi. Piteni kwa ndani, kwenye kahawa. Mkifika mringaringa mkubwa mnarudi kwenye maji."

Tukapita ndani ya kahawa yake. Hakuuliza sisi ni akina nani, alichojali ni ukingo. Tangu siku hiyo nimekuwa mkali kwa kila ninayemleta huku. Ukingo wa mfongo ni udongo mtupu, ukiubomoa kwa raba yako, mtu wa mwisho kule chini anakosa maji kwenye zamu yake na hajui ni nani wa kumlaumu. Mifongo mingi siku hizi imekauka au imebaki ya msimu. Vijana wa kwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua, wako Dar es Salaam na Arusha, maji ya bomba yamefika, na mto wenyewe kiangazi hauna kitu. Ukifuata mfongo mkavu jihadhari, kuna mahali umekatika na njia imekatika nao.

Kuuliza njia kuna ufundi wake. Wanaume waliokaa kilabuni watakwambia "hapo tu", na mkono unaonyesha upande ambao kesho yake hawatakumbuka. Sisemi hivyo kwa dharau, wanataka kukupa moyo. Muulize mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Yeye amepita asubuhi, atapita jioni, na anajua daraja lipi limechukuliwa na maji. Na usiulize kama ni mbali. Uliza kama korongo lina daraja, na kama ng'ombe anapita. Anapopita ng'ombe na wewe utapita. Penye daraja la gogo moja, hapo ni shauri yako.

Jambo lingine ni kwamba unapita uani kwa watu. Kihamba hakina uzio wa maana, mpaka unaonyeshwa na mstari wa mimea ya masale, na kichochoro cha jumuiya kinaweza kupita mita mbili kutoka jikoni kwa mtu, au katikati ya makaburi ya ukoo wake yenye vigae vyeupe. Usipite kimya. Nililelewa kwamba mgeni mwenye adabu hasumbui watu, lakini huku mtu anayepita kimya ndiye anayetiliwa shaka. Piga hodi hata kama huingii, salimia kwa sauti, taja unakokwenda. Mimi rangi na lafudhi vinanisaliti mara moja kwamba si wa huku, kwa hiyo swali la pili huwa lile lile: umeoa kwa nani? Nikitaja ukoo wa mke wangu, bibi aliyekuwa amesimama na panga lake la kukatia majani analiweka chini na kuanza kuhesabu nani alimzaa nani. Wakati mwingine inagundulika kwamba sisi ni ndugu, na hapo safari inasimama.

Kusimama maana yake ni kula. Pombe situmii, kwa hiyo mbege inapoletwa kwenye kata shemeji hunywa kwa niaba ya ukoo mzima, na mimi naletewa ndizi za kuchoma na parachichi. Ukikataa vyote ni tusi. Ukitaka kulipa ni tusi kubwa zaidi. Nimejifunza kubeba majani ya chai na sukari kwenye begi, pakiti ndogo ndogo, nikiaga namwachia mtoto wa nyumba. Hiyo inapokelewa bila maneno.

Watu huniuliza kama mlima unaonekana vizuri ukiwa huko. Hauonekani. Ukitaka kuuona mlima kaa Moshi mjini, asubuhi mapema au jioni mawingu yakifunguka, kunywa chai yako barazani. Ukiwa ndani ya kihamba uko chini ya paa. Juu kabisa miti mikubwa, mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Ni kilimo cha ghorofa, na mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua sehemu ya Shimbwe Juu, upande wa Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Kibo, kile kilele chenyewe, unaishia kuikumbuka tu, labda unapotoka mahali palipokatwa miti unashtuka iko pale, karibu mno.

Kirua ndicho kipande kitulivu kuliko vyote, na utulivu wake haunifurahishi sana. Unapita nyumba nzuri, za vigae, zenye madirisha ya aluminiamu, zimefungwa. Zimejengwa na watoto walioko mbali. Anakaa mlinzi, au mama mzee ambaye analala kwenye nyumba yake ya zamani ya nyuma kwa sababu ile kubwa ina baridi. Unaweza kutembea muda mrefu usimwone kijana wa miaka ishirini asiye juu ya bodaboda.

Kisha linakuja korongo la kuingia Kilema, na hili ndilo la saa nzima.

Kilema nina sababu yangu ya kuipenda mbali na ukwe. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuja mpaka huku akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa Pwani aliyezijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni na kutambua kwamba ni theluji. Akapokewa Kilema na Mangi Masaki. Alipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, akampinga kwa nguvu, na yeye hakuwa amewahi kukanyaga huku. Inasimuliwa kwamba Rebmann katika safari hiyo hakuwa na silaha, alikuwa na mwavuli tu. Kwa hilo namwamini kabisa. Mwezi wa tano upande huu ni mvua. Na mimi baada ya kujaribu makoti ya kila aina nimerudi kwenye mwavuli mkubwa mweusi wa mpini wa mbao, ule wa wazee wa kanisa. Ukiteremka korongoni ni mkongojo. Mbwa akija ni kizuizi. Koti la plastiki kwenye kupanda linakulowesha kwa jasho kuliko mvua yenyewe, na bibi wa Kilema akiona mtu ameshika mwavuli anajua moja kwa moja kwamba huyo si mwizi wa ndizi.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Kilema mwaka 1890 na wakapanda kahawa, na kutoka kwenye mashamba ya misheni, zao hilo likaenea kwa wenyeji, mgongo baada ya mgongo, mpaka wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 na kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Shule nyingi unazopita njiani zilisimama kwa pesa ya kahawa, na karo ya wale waliojenga nyumba zilizofungwa kule Kirua ilitoka huko huko. Leo mama mkwe wangu anapata zaidi kwenye maparachichi. Mibuni aliyoachiwa na mumewe haing'oi, lakini haipalilii kwa moyo pia.

Tunalala kwake. Mwili mzima unauma, hasa mapaja, maana kinachochosha huku ni kushuka, kupanda unakuzoea. Viatu viwe na meno. Udongo mwekundu wa huku ukilowa hauna huruma, na raba zile za kutembelea mjini zinateleza hata kwenye umande. Shemeji hushuka na yeboyebo na haanguki, kwa hiyo ushauri wangu hauwahusu waliozaliwa huku. Maji beba lita moja tu, utapewa mengine. Maji ya mfongo usinywe, juu yako kuna mabanda ya ng'ombe.

Kilema kwenda Marangu ni mwendo wa asubuhi. Njia ni pana zaidi, magari yanaanza kupita, halafu unasikia honi na ghafla uko Marangu Mtoni kwenye vurugu za soko, na vijana wanakukimbilia wakitaka kukupeleka kwenye maporomoko ya Kinukamori kwa sababu una begi mgongoni. Marangu yote inazungumza habari za kupanda: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889, wapagazi, makampuni, geti. Sina ugomvi na wanaopanda. Ila kwa karne kadhaa, wanawake waliokuwa wakikatiza mlima kwa ubavu kwenda masokoni, na magadi na vyungu na ndizi kichwani, ndio waliozizoesha njia hizi miguu ya watu, na nikitazama vile vibao vya wapanda mlima natamani wao nao wangepata hata kimoja, pale kwenye korongo la Kilema kwa mfano, na benchi la kukalia.

Kwa wanaotaka kujaribu, miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na Julai ina baridi ya kukutafuta mifupani. Machi hadi Mei usiende, madaraja ya magogo huondoka na maji na hakuna anayekuja kuyarudisha mpaka mvua ziishe. Novemba kuna vuli, inategemea. Desemba ni habari nyingine kabisa. Wenye nyumba wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, milango ya Kirua yote inafunguliwa, vichochoro vinajaa watoto wasiojua Kichagga wala njia, na nyama zinachomwa kila uani. Hapo mtu wa kukuelekeza hukosi. Lakini kila mlango utakaopita watakwambia kaa kwanza, na baada ya nyumba ya tatu shemeji huwa hasikii tena habari za makorongo. Mwaka huu tumekubaliana tutoke Kiboriloni tarehe 23, ili tufike Kilema kabla ya mkesha. Mama mkwe amecheka, amesema atatutarajia tarehe 26.